Kuhusu Feni ya Gari la Baba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje tangu uanze ile kazi ya kusimama kutwa? Shemeji amepona kikohozi? Na yule mdogo, bado anagoma kwenda shule bila viatu vyake vyekundu? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala, na ulimi wake hauna baridi yabisi hata kidogo. Ni magoti na vidole tu vinavyomtesa.

Baridi ya mwaka huu haina adabu. Mabati yanadondosha maji mpaka jua lipande, na mimi navaa sweta mbili kwenda kiwandani, nazivua nikifika kwenye tanuri za mikate.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unajua kunibembeleza, nami nabembelezeka upesi. Kwa hiyo soma polepole, mpaka mwisho.

Ni habari za gari la Baba. Unajua tangu atutoke mimi ndiye ninayeliendesha, na ndilo linalompeleka Mama kwenye mazoezi ya viungo asubuhi kabla sijaingia kazini. Analipenda. Anasema kile kiti kimeshamjua mifupa. Sasa baridi ilipoanza tu, feni ya hita ikagoma. Unabonyeza swichi, kimya. Joto lenyewe lipo, maana bomba la maji ya moto ukiligusa linakuunguza, ila hakuna wa kulipuliza lije ndani. Mama akawa anasafiri na blanketi mbili kama mgonjwa mahututi, nami mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unafuta ukungu kwenye kioo kwa kitambaa.

Gereji nilikopita hawakutaka kulifungua. Fundi mmoja alilizunguka akalisifu weee, kisha akaniambia hilo ni gari la kupigia picha, vipuri vyake havipo tena. Nikasema kidole kimoja hakivunji chawa, nikamwita kitinda mimba wetu. Yeye si ndiye fundi umeme? Nusu ya nyumba za mtaa huu zinawaka kwa mikono yake.

Akaja, na tochi yake. Nikalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, na yeye akanimulikia. Tukaanza na fyuzi. Ilikuwa nzima, nikaisugua hata hivyo na kuirudisha. Tukaja kwenye swichi, nikaipima kwa kile kibalbu cha Baba chenye nyaya mbili. Umeme unaingia, umeme unatoka. Nilipotaka kuendelea mbele zaidi akaniambia, "Inatosha, Dada. Mota imekufa. Mota ya gari hili utaitoa wapi? Lipumzishe tu, limeshatumika." Akanipa mkono akaninyanyua, akanipangusa vumbi mgongoni. Nikamwamini. Ningemkatalia kwa lipi?

Wiki ile ile, kwenye kona ya hospitali, kioo kizima kilijaa ukungu mara moja. Sikumwona mwendesha baiskeli mpaka alipokuwa mbele ya taa zangu. Nikakata usukani, nikapanda ukingo wa barabara na kugonga ukuta wa nyumba ya watu. Yule bwana alipita salama, akatutukana kidogo, na alikuwa na haki. Lakini Mama alijikinga kwa mkono, kifundo kikateguka. Mpaka leo anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo niliposema mota iwe imekufa au haijafa, nitaiona maiti yake kwa macho yangu. Nikafungua lile boksi la feni peke yangu, nikatoa nyaya mbili ndefu kwenye betri na kuzigusisha kwenye mota. Dada, ilizunguka. Ilizunguka ikanitemea usoni vumbi na majani makavu ya miaka. Nikakaa pale chini nacheka kama mwehu. Kisha kicheko kikakatika, maana nilianza kufikiri. Kama swichi ni nzima na mota ni nzima, basi ubaya uko njiani.

Nikaufuata waya kidole kwa kidole. Unapita nyuma ya dashibodi, unatoboa ukuta kwenda upande wa injini, unaungana na wenzake ndani ya ile tepu ya kitambaa ambayo Baba aliizungushia. Katikati ya tepu ile iliyochakaa nikaona kipande cha tepu ya plastiki, kipya, kinang'aa. Nikakibandua. Waya ulikuwa umekatwa. Haukuchakaa wala kuliwa na panya, ulikatwa kwa koleo, safi, na kila ncha ikafungwa peke yake ili isilete shoti. Na mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kidogo ili iwe rahisi kuibandua siku nyingine. Unamjua anayekunja tepu hivyo. Nami namjua. Hata zawadi za watoto anazifunga vile vile.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuniambia kwamba kinaweza pia kukushikia tochi.

Jana alikuja kumwona Mama. Nikamtilia chai, nikaweka ile tepu kando ya sahani yake.

"Ilikuwa kwa usalama wenu," akasema. "Gari lile breki za zamani, mikanda halina. Tungekwambia ungekataa."

"Tungekwambia? Wewe na nani?"

Akaanza kuikunja tena ile tepu. Nikamwuliza tena.

"Mimi na Dada mkubwa. Yeye ndiye aliyesema nisiguse injini, nikate kitu kidogo tu, utachoka mwenyewe uliache."

Hatukujua kwamba Mama anasikia. Akatoka chumbani ameshika ukuta, akamwangalia mwanawe, akamwuliza, "Na mimi mlikuwa mnanikata nini ili nichoke?" Kitinda mimba aliondoka hakumaliza chai.

Dada, breki nisingebishana nawe. Ungeniambia breki, ningekusikiliza, maana hata mimi nazisikia zinavyolalamika kwenye mteremko. Lakini kila ulipopiga simu uliniuliza, "Hita imepona?" Nami nakueleza fyuzi, nakueleza swichi, nakueleza Mama anavyotetemeka, nawe unanipa pole. Zile pole zako ndizo zinazoniuma kuliko waya. Yeye alikata mara moja. Wewe ulikuwa unauliza kila wiki.

Waya nimeuunga. Feni inapuliza vizuri, kioo kinakauka kabla sijatoka getini. Lakini gari limesimama, na si mimi niliyelisimamisha. Mama amesema hapandi tena gari la mtoto wake yeyote, hili wala lile la kitinda mimba, mpaka sisi watatu tukae mbele yake tuzungumze kama watu tuliotoka tumbo moja. Kwenye mazoezi ataenda na teksi. Nilipomwambia teksi nazo zina breki mbovu, akanijibu kwamba angalau dereva wa teksi hana sababu ya kumdanganya.

Kwa hiyo njoo. Usinitumie maneno kwa simu, wala usimtume shemeji aniombee radhi. Yeye mwambie sina neno naye. Wabusu watoto wote, na yule wa viatu vyekundu mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie hivyo hivyo, anakusalimu, basi.

Mungu akulinde njiani, akufikishe hapa ukiwa mzima na mkweli.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado, ila kukuamini nimekuwekea mpaka ufike.