Meseji ya nyati

Tabitha, nimetoka kikaoni sasa hivi.

Meneja Odongo amesimama mbele ya wafanyakazi wote wa loji akasema mimi ndiye niliyesababisha Nyamhanga, mpishi wetu, avunjwe mguu na nyati. MIMI!

"Adero, ulimwona nyati ukanyamaza." Hivyo hivyo, mbele za watu.

Nilinyamaza wapi? Jana asubuhi nilimwona nyati kwenye njia ya jikoni, nikaandika palepale kwenye grupu la kazi: msipite nyuma, kuna nyati. Kupiga simu alishakataza yeye mwenyewe. Kila kitu kiandikwe kwenye grupu, simu zinasumbua wageni.

Sasa jana ilikuwa bethdei yake. Ni keki, maua, hongera bosi, hongera bosi. Meseji yangu ikazama.

Lakini yeye aliisoma, Tabitha! Niliangalia orodha ya waliosoma, jina lake ndilo la kwanza. Akaandika nini? "Asanteni sana wapendwa wangu."

Leo kikaoni nikafungua simu niwaonyeshe. Nakuta imefutwa. Imefutwa na msimamizi wa grupu, na msimamizi ni yeye! Na bado anarudia: ati ulinyamaza.

Nyamhanga yuko hospitali, paja limefungwa vyuma.

Na unajua chini ya hiyo iliyofutwa kuna nini? Meseji ya Nyamhanga mwenyewe, ameiandika jana huku anatembea kwenda jikoni kwa njia hiyo hiyo ya nyuma. Emoji tatu za keki, halafu: "Mungu akulinde, bosi wetu."