Mtoto Aliyelia Mara Mbili

Hospitalini, 6 Machi 1954

Baba yangu Abdurahman,

Shikamoo. Mimi sijambo ila kidonda. Namtamkia nesi Jumwa, naye ananiandikia. Tangu uliponileta kwa lori nikapasuliwa tumbo kwa haraka, nimetunzwa vizuri. Shuka hubadilishwa kila asubuhi, uji huja moto, na Jumwa hunigeuza ubavu utadhani ndiye aliyenizaa. Daktari aliniuliza kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika.

Lakini mtoto wangu aliondoka kabla sijazinduka, sikumwona. Najua ulimchukua ukamzika, Mungu akulipe. Alifanana na nani? Mlimwita nani? Mume wangu akirudi na ng'ombe kutoka Samburu, mwambie taratibu.

Mwanao,
Mbeyu

Vanga, 11 Machi 1954

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mama yako halali kwa kukuwaza. Matunzo yako yametufurahisha.

Mtoto nilipewa amekwisha kufungwa kitambaa, sikumfunua. Hakupewa jina wala hakuswaliwa. Anayezaliwa bila sauti huviringwa sanda akazikwa, basi. Wewe kula, upate nguvu.

Baba yako

Hospitalini, 14 Machi 1954

Baba,

Shikamoo. Jumwa alinisomea barua yako, akashindwa kuimaliza. Alikuwapo siku ile. Mtoto alilia mara mbili ndipo akanyamaza. Alidhani unajua. Baba, kwani hukuuliza?

Mbeyu

Vanga, Ijumaa, 19 Machi 1954

Mwanangu,

Sikuuliza. Mimi ni babako. Niliona haya kumuuliza msichana wa watu mambo ya uzazi. Alinipa mtoto kimya, nami nikakifanya kimya chake kuwa jibu. Haya yangu imemnyima mjukuu wangu haki yake ya jina na swala. Nisamehe, mama.

Leo msikitini nilisimama nikalisema kosa langu mbele ya wote. Tukaenda kaburini, tukamswalia safu tatu. Waziri mumeo alirudi jana, akasimama mbele. Imamu akauliza jina. Waziri akasema, "Abdurahman, jina la babu yake." Nililia kama mtoto. Sikustahili.

Baba yako

Hospitalini, 24 Machi 1954

Baba,

Shikamoo. Sina kinyongo nawe, ila moyo unauma. Nyuzi zimetolewa leo. Daktari ameniuliza tena kama nimeridhika. Sikujibu kitu. Akaandika kwenye karatasi yake, akaenda kitanda cha pili.

Njooni mnichukue Jumatatu. Mama aniletee kanga nyingine, maziwa hayajakoma kutoka.

Mimi,
Mama Abdurahman