Utepe wa Kupimia

Jeppestown, Novemba 2019

Dada yangu mkubwa, Yaya Nsimire,

Pitchou akifika Bukavu atakupa gauni la kitenge nililokushonea. Sisi ni wazima, Mungu anatutunza. Mwanangu Sagesse ukimsemesha Kiswahili anajibu Kizulu, tunacheka tu.

Zile fujo za Septemba, walipotushambulia sisi wageni, sikukueleza zote. Walivunja duka langu, na jirani yangu Mama Nomvula nilimwona akiondoka na cherehani yangu. Kanisa likaninunulia nyingine. Tangu hapo nilimwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe, lakini moyo huo haukuja.

Juzi aliingia, macho chini, akataka nimshonee blauzi ya kanisani kwao. Nilitaka kumfukuza. Nikakumbuka ninachoomba kila asubuhi, nikachukua utepe. Yaya, wewe ndiye uliyenifundisha kushona, unajua huwezi kumpima mtu kifua bila kumzungushia mikono. Nikamzungushia. Akalia begani kwangu, nami nikasahau vipimo vyote.

Ilibidi nimpime upya. Mara hiyo moyo ulikuwa umefika. Nisaidie kumshukuru Mungu.

Mdogo wako akupendaye,
Héritière