Vidole Viwili vya Damiani

Shikamoo, mama yangu.

Najua safari hii huitikii, ila ulinichapa vya kutosha utotoni kwa kumpita mtu mzima kimya, sithubutu kuanza bila salamu. Nataka kukuambia yaliyotokea msibani kwako. Wenzangu wanasema nimefanya vituko, bora uyasikie kwangu.

Unakumbuka tulivyopanda ile miti ya plamu kule Mgeta, juu ya matuta ya kabichi? Ulikuwa unashindilia udongo kwa kisigino huku unamtania baba kwamba plamu zitaiva yeye akiwa kibogoyo. Mlikuwa mnacheka, na wote wawili mlijua mnavunja mila. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Lile lilikuwa shamba la ukoo wa baba. Wewe uliyeolewa kutoka Matombo ulikuwa mgeni pale, na mgeni analima mboga zake, hapandi mti, kwa sababu anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Baba akasema, "Panda, mke wangu, nani atakuuliza?" Alipokufa, aliyeuliza ni Damiani, mtoto wa shangazi, ambaye kwa mila ndiye aliyelirithi shamba.

Alikuja asubuhi na panga, sisi tunapalilia. Ukamwomba asubiri, miti ilikuwa na maua, izae hata mara moja halafu tutaondoka wenyewe. "Mama, nilishasema," akajibu, akaanza kukata. Akaangusha wa kwanza, akaangusha wa pili. Wa tatu ukaukumbatia. Kwa nini uliukumbatia, mama? Alikuwa ameshanyanyua.

Mlio ule ulikuwa mfupi, kama mtu anakata muwa. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kushoto vikaanguka kwenye majani, na pete ya baba ikiwa humo humo. Na hakuacha. Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Damu yako imeshamrukia shatini na bado alikuchapa ubapa wa panga mgongoni, akakupiga teke la mbavu ukiwa chini, mpaka nilipompasua kichwa kwa jiwe. Ningepata jiwe la pili ningemmaliza. Nilikubeba mgongoni kwenye kile kinjia cha mteremko hadi barabarani, damu yako inaniingia kifuani, tukapata lori la mboga likatushusha mjini, wewe umelala juu ya magunia ya karoti.

Wodini walipokuwa wanasafisha kidonda uliutazama msalaba ukutani ukasema kwa sauti, "Wewe ulipigiliwa misumari, unajua inavyouma. Basi usinitazame tu, fanya kitu." Nesi akacheka. Mimi nilifurahi kweli, nikajua sasa mama yangu amekasirika kama mimi, tutakasirika pamoja.

Wapi! Hukukaa hata na hasira yako vizuri. Tulipopanga kile chumba Morogoro mjini ukarudia kusali rozari kwa vidole, kama ulivyozoea shambani ambako shanga zilijaa udongo. Unaanza na dole gumba la kulia, Salamu Maria moja kila kidole, unamalizia kidole kidogo cha kushoto. Nikakuona unafika kwenye kovu, unagusa pasipo na kitu, unasali ya tisa, unasali ya kumi. Nikakuuliza hapo unahesabu nini.

"Hivi viwili ni vya Damiani," ukasema. "Si alivichukua mwenyewe? Basi avitumie."

Wakati huo alikuwa amefungwa Kingolwira, analima shamba la gereza, na mimi kila siku nilikuwa naomba afie huko. Nikakwambia huyo Mungu wako hana akili. Ukanizaba kofi kwa mkono ule ule, kofi la vidole vitatu, likaniuma mpaka jioni. Tangu siku ile sikukanyaga kanisani. Baridi ikipiga unaushika ule mkono unalia kwa maumivu, halafu ukishalia unasali. Nilikuwa nakuonea huruma, na nilikuwa nakuonea wivu pia, kwa kuwa wewe ulikuwa na wa kumlilia.

Basi tumekuzika Matombo, kwenu. Tunafukia kaburi, namwona Damiani. Ametoka, amekonda, amekuja. Akashika chepe atie udongo juu yako. Mama, nilimpokonya lile chepe nikampiga nalo bega, nikampiga tena, nikamwambia hutamfukia wewe uliyemkata. Hakukinga. Watu wakanikamata nikiwa bado natafuta kichwa chake. Nasema ukweli, sikujuta.

Jioni jumuiya ikasali rozari kwa ajili yako. Damiani akakaa mlangoni, bega limevimba. Mwenyekiti wa jumuiya, sijui alikuwa na lake jambo, akanipa mimi niongoze fungu la mwisho. Sina rozari, nikatumia vidole. Nilikuwa sijasali muda mrefu lakini maneno yalikuja yenyewe, mpaka ya nane. Nikashika kidole changu cha pete, mdomo ukagoma. Watu wote wananingoja. Nikawaza panga, nikawaza teke. Nilitaka kusimama nitoke nje na nisirudi tena kwa Mungu wako maisha yangu yote.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, mbovu. "Salamu Maria, umejaa neema..." Alikuwa yeye. Lakini watu hawakuitikia, mama. Walinitazama mimi. Walingoja mwenye msiba aseme kama sala ile inapokelewa.

Amevitumia, mama. Sijamsamehe, usije ukawaambia huko kwamba nimemsamehe. Lakini nililia, nikafumba macho, nikashika kidole cha tisa, na halafu cha kumi, na mara zote mbili nilimwitikia.

Pumzika sasa. Usichoke kunigombeza.

Ni mimi, mwanao uliyemzaba kofi.