Kinu Chako Kimefika Darsait

Muscat, 31 Desemba 1970

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye busati lako. Mikono inaniuma mpaka mabegani, na nimefurahi. Ngoja nikueleze.

Tangu ututoke mwezi wa Shaaban mengi yamebadilika. Watu wetu wanarudi, wengine kutoka Kuwait, wengine Dar es Salaam. Pale sokoni Mutrah nasikia Kiswahili kabla sijamfikia muuza samaki. Kaka Nassor amepata ukarani kwenye bandari ya mafuta, kwa kile Kiingereza ulichokuwa ukimlazimisha kusoma. Tumepata vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, tunahamia wiki ijayo. Kitanda chako nimempa jirani yetu, Bi Shamsa. Kanga zako ninazo mimi. Kikabaki kinu.

Unajua walivyokuwa wakikisema. Tulipoondoka Unguja, mwaka ule wa sitini na nne, wenzetu walikumbatia vibweta vya dhahabu. Wewe ulikumbatia kinu chako cha mfenesi, kifupi, mdomo mpana, na mchi wake. Nassor aliona haya mbele za watu. "Mama, wenzio wanabeba mali, wewe unabeba gogo!" Ukamjibu, "Hiyo dhahabu utaitafuna?" Na hapa kila ukitwanga mchele wa vitumbua, Bi Shamsa alikupigia kelele ukutani, "Shoga, mashine ipo sokoni, unajiulia nini?" Wewe unatwanga tu. Unarusha mchi juu, unapiga kofi, unaudaka.

Safari hii Nassor alisema ngazi ni nyembamba na jiko ni dogo, kinu kipasuliwe kuni. Nikamwambia hakipasuliwi. Akaniuliza, "Utakiweka wapi, kichwani?" Nililia, si sana.

Sasa sikiliza. Darsait, kwenye njia ya kwendea bandari ya mafuta, yupo Mjapani aliyekuwa mpishi wa meli. Jina lake Bwana Sato. Kafungua mkahawa wa namna ya kwao, meza fupi, watu wanakaa chini kwenye mikeka kama sisi, na milango ya karatasi aliyoigongomea mwenyewe. Wateja wake ni mabaharia wa kwao na makarani kama Nassor. Kiswahili chake kakiokota Mombasa, meli ilipokuwa ikitia nanga. Kinachekesha lakini kinafika.

Kwao mwaka mpya una vyakula vyake, kama sisi na Idi, na leo alitaka kuwaonjesha wateja. Kila kitu anacho ila kimoja, vibonge vya wali wa kunata, ambao lazima utwangwe ungali moto. Alijaribu kwenye sufuria, sufuria ikatoboka. Nassor akamwambia, "Nyumbani tuna gogo. Chukua, liwe lako."

Niliposikia hivyo nikavaa buibui langu. Nikamwambia Nassor kinu hakitoki bila mimi. Kikapakiwa kwenye gari la kazini kwao, na mimi pembeni yake nimekishika, na chupa ya tui mapajani, maana sikuamini kama nitakuta kitu cha kula.

Kabla sijakaa nikauliza habari ya nyama na kileo. Bwana Sato akaweka mkono kifuani. "Mama, nguruwe hapana. Pombe hapana. Samaki tu." Kisha akakigeuza kinu chako, akakinusa, akakiinamia kama anamwamkia mtu mzima. Hapo moyo wangu ukatulia kidogo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mmoja anatwanga, na mwingine anatia mkono ndani ya kinu kuugeuza wali kati ya pigo na pigo. Baharia wa kwanza alitwanga ovyo. Bwana Sato akachomoa mkono, "Wewe nataka kula vidole yangu!" Wa pili naye yaleyale. Nassor mlangoni anacheka. Nikaona sasa watakilaumu kinu, na kinu hakina kosa.

Nikaomba mchi. Pigo la kwanza nikatwanga kavu, kama mchele wetu, wali ukaugandia mchi nikaunyanyua wote kama kilemba. Walicheka, na mimi nikacheka. Bwana Sato akaulowesha mchi maji. Basi nikafanya kama ulivyonifundisha, nikatwanga, nikarusha, nikapiga kofi, nikadaka. Lile kofi, mama! Nikipiga kofi, mkono wake unaingia. Nikidaka, umeshatoka. Hatukuambizana. Wali ukawa laini, unang'aa.

"Nani fundisha wewe?" akaniuliza.

"Mama yangu," nikasema. "Na kinu ni chake."

Duru ya pili mikono ilinichoka. Nassor akakunja mikono ya dishdasha yake, akauchukua mchi. Akatwanga, akarusha, akapiga kofi. Nilishangaa. Hukumpa mchi hata siku moja, mwanamume yule. Kumbe miaka ile alipokuwa kizingitini na vitabu vyake, alikuwa anakutazama.

Tukala. Supu ya samaki na kibonge ndani yake, maharage meusi matamu, mayai ya kukunja, na vibonge vilivyopakwa unga na sukari. Kibonge kinavutika kama haluwa ya Muscat. Nassor akaninong'oneza, "Haluwa iliyosahau samli." Nikakimiminia changu tui. Bwana Sato akaonja, akafumba macho, akaniuliza chakula hiki kinaitwaje. Nikamtajia jina lako. Kwa hiyo, mama, kesho mabaharia wa Kijapani watakaa Darsait na kuagiza Bi Zuhura. Natamani ungewasikia wanavyolitamka.

Wakati wa kuondoka nilingoja. Kinu alikwishapewa. Bwana Sato akakiosha, akakifuta, akamrudishia Nassor. "Hii hapana toa. Hii ya mama."

"Nani kasema tunatoa?" Nassor akamjibu. Nikamtazama, akaangalia pembeni.

Hakungoja tuhame. Jioni hii alikibeba begani mwenyewe, akapanda nacho ngazi ile nyembamba, akakiweka chini ya dirisha la jiko. Ndicho kitu cha kwanza kuingia nyumba mpya. Nimekifudikiza, kama ulivyokuwa ukikifudikiza kila jioni.

Nakuahidi hakitakauka. Idi ya mfungo tatu nitatwanga mchele wa vitumbua, na Bi Shamsa nitampelekea sahani, tumsikie atasema nini. Mungu akulaze pema, mama. Huko uliko, ukisikia kofi, ni mimi au ni kaka. Utukumbuke.

Mwanao,
Salma