Baba, Wamekubali kwa Sababu ya Mahindi

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na leo hata ungeitikia nisingefurahi, kwa sababu nina hasira na wewe.

Tumeshinda. Mwenyekiti wa kijiji aliyeliacha daraja la magogo lioze mpaka mto ukalibeba, ameanguka. Mama Sabina, aliyeahidi daraja la zege, ndiye amekalia kiti. Walioamua ni wale watu wa mlimani, ambao mpaka mwisho hawakujua wampe nani, maana wao wana njia yao ya juu, japo masika haipitiki, na wanaona mto hauwahusu.

Mara ya kwanza niliwaendea na machozi, wiki chache baada ya kukuzika. Niliwakuta shambani kwa mzee Gervas wanafukia nyasi kwenye matuta. Nikawasimulia yote: pikipiki iliyoshindwa kuvuka, sisi tulivyokulaza ukingoni tukisubiri maji yapungue, wewe ulivyonishika mkono ukauliza kama tumeshafika hospitali Sumbawanga. Wakasema, "Pole sana, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Wakaendelea kulima. Kazi ya Mungu! Kwani Mungu ndiye aliyekuwa mwenyekiti?

Nilirudi nikiwatukana njia nzima. Halafu nikakumbuka maneno yako: "Usimweleze mtu kinachokuuma wewe. Shika jembe, lima naye, kisha muulize kinachomuuma yeye."

Basi nikashika jembe. Nimelima nao wiki nzima, nimekunywa pombe yao ya ulezi, na jina lako sikulitaja. Niliuliza tu mahindi wanamuuzia nani. Wakaanza kulalamika: mnunuzi ni mmoja, bei anajipangia. Nikawaambia malori mengine yanaishia ng'ambo ya mto. Daraja likiwepo yatapanda mpaka milangoni kwao, wanunuzi wagombane wenyewe. Mzee Gervas akaegemea jembe lake. "Ee, sasa hapo umesema!"

Sasa hapo! Kwa hiyo nilipowaeleza ulivyokufa sikuwa nimesema kitu. Nilitabasamu, Baba, huku nikitamani kumtupia bonge la udongo usoni.

Lakini wao nawaonea. Uchaguzi uliopita ni wewe uliyepanda kule na jembe, ukawauliza vivyo hivyo, ukawaahidi mbolea itafikishwa kijijini, ukamletea yule mwenyekiti kura zao. Nilikuuliza, na daraja je? Ukacheka: "Daraja haliliwi." Mbolea ikaja, mahindi yakastawi, tukala. Na mimi nilikula. Majirani wananong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimegombana na kila aliyelitamka neno hilo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wewe ni baba yangu.

Mawe ya daraja yamemwagwa pale pale tulipokulaza. Watu wa mlimani wameshuka kuyabeba, wanaimba na kutaniana. Nimebeba nao. Kuimba nimeshindwa.

Kwaheri, Baba. Hasira haijaisha, lakini kaburi lako nimelipalilia. Na nakuahidi jambo moja: uchaguzi mwingine ukija nitapanda tena mlimani na jembe lako. Sitawauliza habari za mbolea wala mahindi. Nitamuuliza kila mtu, nani nyumbani kwako ataugua masika haya, na utampitisha wapi? Swali hilo nalo lilikuwa la faida yao. Lilikuwa la faida yako pia, na hukuuliza.

Binti yako,
Edita