Ekseli ya Mkokoteni

Jumatatu, 3 Machi
Nati ya mwisho imekataa tena. Nimeipiga nyundo, nikaitukana kwa Kijaluo, ikalegea. Ekseli ya nyuma iko chini. Ndani ya difu, lile sanduku la gia linalozungusha magurudumu, meno yote yameliwa. Karani wa nyumba amepita na wimbo uleule: nimestaafu, nyumba ya kampuni niiache Jumamosi saa sita mchana, chochote kitakachobaki uani ni skrepa. Akaitazama landrova yangu, akacheka. Miaka ishirini na sita nimewabebea majani chai. Landrova niliinunua kwa mnada wao wenyewe. Itatoka hapa kwa injini yake, tuende ploti yetu Ndanai. Ng'o, siiachi.

Jumanne, 4 Machi
Ekseli nimeipata Merigi, chini ya mkokoteni wa punda! Ya landrova kabisa, difu nzima. Mzee Koech huchotea maji nao. Tumebadilishana na yangu mbovu. Punda ana haja gani na difu? Mama Akinyi, mke wangu, ameuliza kama punda naye anakuja.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbili za brashi ya waya na mafuta taa. Vidole havikunjiki. Nimefungua habu, kitovu cha gurudumu: beringi zimejaa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Koech jamani! Hakuwa na girisi, akapaka ya chuchu. Na hakuna kutu hata chembe. Nimeosha, nimetia girisi, sili mpya za mpira, rangi nyeusi. Imekaa vizuri kwenye springi.
Stima wameikata leo, bado siku mbili. Nimekasirika. Wakate tu. Spana haitumii stima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasha. Gia ya kwanza, gari likarudi nyuma, likabeba kamba ya nguo za Mama Akinyi. Rivasi, likaenda mbele. Nilikaa pale kama mjinga.
Ni huyo fundi aliyemtengenezea Koech mkokoteni. Vikalio vya springi, vile vyuma springi zinapokalia, alivichomelea tumboni mwa ekseli badala ya mgongoni. Nimeifunga juu chini bila kujua, magurudumu yanazunguka kinyume. Kurekebisha ni kuchomelea, na stima hakuna. Fundi wa kuchomelea aliye karibu yuko nje ya geti la kampuni.
Karani amekuja kufurahi. Eti trekta ya kampuni itaburuta hiyo takataka kesho. Nimemwambia aburutwe yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Tumepakia kitanda, masufuria, kuku wanne. Mama Akinyi akakaa mbele na kitambaa chake cha kanisa. Nikatia rivasi.
Gia moja tu, mwendo wa mtu aliyebeba maji. Majirani walitoka milangoni, wengine wakatembea kando yetu wakiimba. Karani alikuwa katikati ya barabara na trekta lake. Sikupiga honi. Alisogea pembeni. Askari wa geti akainua kizuizi, akanipigia saluti. Sijui kama alikuwa anatania.
Kwa fundi, nje ya geti, nimezima injini. Kuku wamenyamaza. Mama Akinyi ameniambia niachie gia sasa, tumefika. Mkono ulikuwa bado umeishika. Nimelia kidogo. Ilikuwa saa tano na robo.